Neno, Garanti na Funguo: Juu ya Kuacha Nyumba Kabla ya Kuingia

Wamoja wenu watashangaa kuona habari ya nyumba ya kupanga katika kijitabu cha mila. Kwa kawaida tunazungumza humu juu ya mali ya ndoa, kilio, majina ya mapacha. Lakini mji nao unazaa mila. Lubumbashi ilianza mwaka 1910, na watu ambao mababu zao walizaliwa Kamalondo ao Kenya hawawezi kungojea kijiji kiwafundishe kila kitu. Kupanga nyumba kuko na desturi yake: kuna mwenye lupango, kuna lokatere, kuna komisionere katikati, kuna garanti, na kuna siku ya kupewa funguo. Swali letu ni juu ya zile siku chache kati ya garanti na funguo. Mtu akibadilisha mawazo pale, anadaiwa nini?

Tuseme mama moja mwalimu amepata nyumba Bel-Air, dola 200 kwa mwezi. Ametoa garanti ya miezi 3, ni dola 600, na komisionere amekamata yake, mara nyingi mwezi moja. Ataingia mwanzo wa mwezi unaokuja. Siku kumi zikipita, bwana yake anapata kazi Kolwezi. Anarudi kwa mwenye nyumba: «Baba, unihurumie, unirudishie makuta yangu, sitaingia tena.» Mzee anajibu: «Mama, ile makuta nilisha kuitumia. Na bantu watatu walikuya kuuliza nyumba, nikabafukuza juu yako.»

Kila mmoja wetu amesikia mazungumzo ya namna hii, na majirani wanagawanyika mara moja. Wamoja wanasema: hakulala mule hata usiku moja, analipa nini? Wengine wanasema: alitoa neno, na neno ni deni.

Tuanze na wa kwanza, kwa sababu hoja yao inapendeza masikio. Kweli, hakulala. Lakini mwenye nyumba hauzishi usingizi. Anauzisha nafasi, na nafasi ile ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mama huyu siku zote kumi. Wale watatu waliofukuzwa wamesha kupata nyumba kwingine, Makomeno ao Kigoma, hawarudi tena. Nyumba ilikaa bure, lakini haikukaa bila mtu: ilikaa na jina lake.

Kwa wa pili, tunakubali kwamba neno ni neno. Dekre ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ingali msingi wa sheria yetu, inasema wazi katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya. Lakini kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba mapatano yatimizwe kwa nia njema, na watu wanapenda kusahau ile sehemu ya mwisho. Nia njema haiko ya lokatere peke yake. Mzee anayekula dola 600 za mtu ambaye hakuingia, kisha juma linalofuata anapangisha nyumba ile ile kwa mwingine na kukamata garanti ya pili, huyo hakulinda neno. Amefanya biashara na shida ya mwenzake.

Hapa tunapenda kukumbuka desturi ya ndoa, kwa sababu ndiko wazee wetu waliwaza sana juu ya mapatano ambayo hayajaanza. Kwa Wabemba, mjumbe anayeitwa shibukombe ndiye anapeleka nsalamu kwa wazazi wa binti. Nsalamu haiko mali yenyewe. Inasema tu: tumeweka macho hapa, msimpe mwingine. Wazazi wakikataa, inarudi ilivyokuja. Wakiipokea, basi mlango umefungwa kwa wengine, na kijana akikimbia baadaye bila sababu, wazee wengi watakwambia asiulize ile kitu kidogo aliyotoa: imelipa wakati wa binti. Lakini hakuna mzee mwenye haya atakayesema kijana amalize mali yote kwa bibi ambaye hakumuoa. Hata Kode ya Familia ya mwaka 1987 inasema kwamba uchumba ni ahadi ya ndoa lakini haulazimishi mtu kuoa.

Tunajua kwamba nyumba haiko binti. Lakini ule mfano unatufundisha kutenganisha feza mbili ambazo mjini tumezichanga katika bahasha moja: feza ya kufunga mlango na feza ya kulinda nyumba. Garanti, kwa asili yake, ni amana. Inawekwa ili siku lokatere akiondoka na deni ao amevunja dirisha, mwenye nyumba asipoteze. Lokatere ambaye hakuingia hakuvunja dirisha. Amana ile haina kazi tena, basi irudi. Anachodaiwa ni wakati aliofunga mlango, na wakati unahesabika. Kama mwenye nyumba amepata mtu mwingine baada ya mwezi moja, alipwe mwezi moja, dola 200, na dola 400 zirudi kwa mama. Akipata mtu baada ya siku tano, ahesabu siku kumi na tano tu. Na yeye pia atafute. Asikae kwenye kiti akingojea hasara ikue.

Lakini mzee anasema feza imeisha. Hapa tusimhukumu haraka. Zamani, katika kambi za Union Minière, nyumba ilitoka kwa kompani pamoja na posho. Mtu hakujua garanti ni nini. Kompani ikawa Gécamines, na ilipoanguka, katika mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile tuliita «départ volontaire». Kwa familia nyingi, nyumba ao chumba cha anekse ndicho kilibaki kuwa mshahara. Garanti inaingia asubuhi, mchana imekuwa minerval ya watoto. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 ilikataza garanti ya nyumba ya kukaa kupita miezi 3, na tunajua ginsi gani inafuatwa. Tunamuelewa mzee. Lakini umaskini wa mwenye kutunza amana haubadilishi amana kuwa zawadi. Kama hana, aseme atalipa kidogo kidogo, na aandike.

Tuseme pia upande mwingine, ambao hausemwi sana kwa sababu mwenye lupango anaogopwa. Tangu mambo ya mine yalipoanza tena kupanda, mwenye nyumba naye anakimbia neno. Umetoa garanti, umeita kamio ya kubeba vitu, halafu: «Yaya, kuko mutu wa kompani, analeta dola 300.» Anakurudishia feza yako yote na anafikiri amemaliza. Hajamaliza. Wewe pia ulifunga milango mingine kwa ajili yake, na nyumba ya zamani umesha kuiacha. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilikuwa na kanuni nzuri juu ya kuuzisha: aliyetoa arabuni akijitoa, anaipoteza, aliyeipokea akijitoa, anarudisha mara mbili. Kwa nyumba ya kupanga tungetaka mizani ya namna ile.

Na komisionere? Yeye alitembea, alionyesha nyumba, alikutanisha watu. Kazi yake ilikwisha siku walipopatana. Hatuoni sababu ya kumnyang'anya, isipokuwa kama alijua kasoro na kuificha.

Kesi hizi zinafika kwenye biro ya Habitat ya komini, na hapo wanauliza karatasi. Karatasi nyingi tulizoziona zinaandika bei, hesabu ya miezi, nani atalipa SNEL na Regideso, hata hesabu ya watu wataolala ndani. Juu ya zile siku za katikati, hazina hata mstari moja.