Kutu Chini ya Rangi

Wasomaji wa falsafa mnalijua swali la meli ya Theseus, lile alilotusimulia Plutarch. Waathene walikuwa wakitoa ubao uliooza na kuweka mpya, ubao baada ya ubao, mpaka watu wakaanza kubishana: hii bado ni meli ileile? Swali tamu sana. Ila ukilipeleka gereji, Kibiti, nadhani linageuka.

Chukua Land Rover ya zamani, tuseme 109 ya miaka ya 1960. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, kwa hiyo ukiitazama kwa mbali utasema bado nzima. Lakini chesisi na bawaba za boneti ni chuma. Gari likishazoea safari za Nyamisati, kule ambako upepo unatoka kwenye mikoko na maji ya chumvi, kutu inaingia taratibu kwenye pini ya bawaba. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana bawaba inakaza. Ukilazimisha boneti ifunguke, bawaba inapinda, au inang'oka na kipande cha bodi. Na pale chuma kinapogusana na aluminiamu, chumvi ikapata unyevu, aluminiamu nayo inaliwa, inabaki unga mweupe.

Kuiokoa bawaba hiyo kunataka subira. Unailowesha mafuta, unaiacha, unaichezesha kidogo mbele na nyuma bila kuipiga nyundo. Ikiachia, brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae. Hapo ndipo unajua ukweli: kimebaki kinene, au kimekuwa karatasi? Kama kinafaa, rangi ya kuzuia kutu, grisi kwenye pini, na kipande cha mpira kati yake na aluminiamu. Kama hakifai, kichomelewe au kitolewe.

Njia ya mkato ipo pia, na wote tunaijua. Puti, rangi inayong'aa, gari liuzwe. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Sasa fikiria: boneti nyingi za magari haya hubeba tairi la akiba juu yake. Kinachoizuia isianguke ni bawaba zile na kile kichuma chembamba cha kuegemeza. Chini yake, fundi ameingiza kichwa na mikono yote miwili. Hana habari na Theseus. Anachotaka kujua ni kimoja tu: hiki kitu kitanishikilia?

Hapo ndipo ninapoona swali la Waathene lina upungufu. Wao waliuliza kama kitu kimebaki kilekile. Mimi nauliza nani ameambiwa kilichobadilika, na nani atalipa kama hakuambiwa.

Jahazi lina bahati katika hili. Likitiwa ubao mpya, rangi ya mti inasema yenyewe; likivuja, pamba ya kalafati inaonekana. Kiraka chake hakina aibu. Ukiona vyaelea vimeundwa, na mara nyingi vimeundwa upya.

Delta yenyewe ina mfano mwingine. Tarehe 11 Julai 1915, manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilizamishwa mtoni Rufiji na mabaharia wake wenyewe baada ya kupigwa na Waingereza. Mizinga yake 10 ikang'olewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu, ikaendelea na vita nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Meli ilikufa, spea zikaishi. Lakini mzinga ule haumdanganyi mtu, kwa sababu hakuna anayeutazama akadhani ni meli.

Mtu anaweza kunijibu kwamba mwenye gari ni maskini, bawaba mpya ni ghali, puti ni rahisi. Ni kweli, na simlaumu anayeendesha kilichochakaa. Umaskini unaweza kumnyima bawaba mpya. Haumnyimi ulimi wa kusema, "Ndugu, boneti hii usiiamini, iegemeze na gogo."

Ndiyo maana kwangu gari lililofanyiwa ukarabati kwa haki si lazima liwe na kila kipande cha asili, wala si lazima ling'ae. Ni lile ambalo fundi wa kesho, asiyekufahamu, anaweza kuingiza kichwa chini yake akiwa anajua anachokiegemea.