Je, Ni Kweli Ajali Haina Kinga?

Iko methali moja inayosemwa katika kila msiba wa ghafla, nayo ni hii: Ajali haina kinga. Husemwa Karatu mjini, husemwa Mang'ola katika mashamba ya vitunguu, husemwa Endulen na Loliondo upande wa Ngorongoro, kila inapoletwa maiti ya kijana aliyeondoka nyumbani mzima kwenda kutafuta riziki. Wanaoisema hawana nia mbaya. Wataka kumfariji mama aliyefiwa, asije akajilaumu kwamba alimruhusu mwanawe aende. Lakini yatupasa kuichunguza methali hiyo, maana neno linalomfaa aliyefiwa laweza pia kumfichia uso mwenye kosa.

Twasema habari za watu wanaofanya kazi chini ya ardhi. Mashamba ya Karatu, yakigawanywa kwa watoto na wajukuu, huwa vipande vidogo. Na ukame umewapunguzia wafugaji wa Ngorongoro ng'ombe wao. Basi kijana hupanda basi, akateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, akapita Makuyuni na Arusha, akafika Mererani wilayani Simanjiro, mahali pekee ulimwenguni panapochimbwa tanzanaiti, jiwe lililogunduliwa mwaka 1967. Hukutana huko na wenzake waliotoka pande nyingi za nchi yetu, nao wote huitwa wanaapolo. Huteremka kwa kamba na ngazi katika mashimo yenye urefu wa mamia ya mita, wakapasua mwamba kwa baruti, wakivuta hewa inayosukumwa kwa mashine kutoka juu.

Na tuyatazame mambo yaliyotokea. Mwaka 1998, katika mvua kubwa za El Niño, maji yaliingia katika mashimo ya Mererani yakawaua makumi ya wachimbaji. Mwezi wa Juni mwaka 2002 mashine ya kusukuma hewa ilishindwa kazi, na watu wapatao 40 wakafa kwa kukosa pumzi. Mwishoni mwa Machi mwaka 2008 mvua kubwa ilinyesha tena, maji yakaingia tena mashimoni, na zaidi ya watu 60 wakapoteza maisha. Msomaji na apime mwenyewe. Mvua ya mwaka 1998 pengine iliwashtua watu ambao hawakuitazamia. Je, na ile ya mwaka 2008? Miaka kumi ilikuwa imepita. Mahali ni pale pale, masika ni yale yale, na ilijulikana kwamba mashimo mengi ya huko huungana chini kwa chini, hata maji yakiingia katika moja hupata njia ya kufika katika mengine. Jambo likitokea mara ya kwanza twaweza kuliita ajali. Likirudi kupitia mlango ule ule ulioachwa wazi, halina budi kutafutiwa jina jingine.

Neno lenyewe latupa fundisho. Ajali ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni muda uliowekwa, yaani kikomo cha maisha ya mtu. Kwa hiyo katika lugha yetu neno moja limebeba mizigo miwili: siku ya kufa aijuayo Mungu peke yake, na gari lililopinduka kwa kuwa breki hazikutengenezwa. Ni rahisi kuichanganya mizigo iliyomo katika kikapu kimoja. Kwamba sote tutakufa, jambo hilo kweli halina kinga. Lakini kwamba mtu afe leo kwa sababu hapakuwa na mashine ya pili ya hewa wakati ya kwanza iliposimama, jambo hilo lina kinga, na bei yake yaulizwa dukani.

Wako wengine ambao hawasemi ajali, husema kafara: ati tajiri ametoa damu ya watu ili jiwe lionekane. Na wengine hunong'ona kwamba marehemu walikuwa na dhambi zao. Bwana wetu alilijibu jambo hilo alipowataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Tena habari hii ya kafara, ijapokuwa yaonekana kumlaumu tajiri, kwa kweli yamwokoa. Maana watu wakishughulika kumtafuta mganga, hakuna atakayeikagua kamba.

Sheria ya Musa ilikuwa na macho makali zaidi. Katika kitabu cha Kutoka imeandikwa kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwingine akatumbukia humo, mwenye shimo atalipa. Sheria hiyo haiulizi kama alimchukia yule punda, wala kama alikusudia afe. Yauliza neno moja tu: shimo ni la nani, na kwa nini lilikuwa wazi? Ikiwa mwenye shimo alidaiwa kwa ajili ya punda, atadaiwa nini kwa ajili ya mtu?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kazi iliyofanywa kwa uangalifu. Wazee wa Kiiraqw walikuwa na desturi ya kuchimba nyumba zao katika mteremko wa mlima, wakaziezeka kwa miti na udongo, hata paa likawa kama sehemu ya kilima. Udongo ule ulikuwa mzito. Kwa hiyo ndani walisimamisha nguzo nyingi na imara, kwa sababu chini ya paa lile walilala wao wenyewe, na wake zao, na watoto wao. Katika shimo la madini nguzo hizo huitwa matimba, na kazi yake ni ile ile. Lakini tofauti iko hapa: mara nyingi anayetoa fedha za kununua matimba si yule atakayekaa chini yake. Hapo ndipo dhamiri hulala. Kanuni iliyo rahisi kuliko zote ni hii: usimpeleke mtoto wa mwenzako chini ya mwamba ambao usingekubali wako akae chini yake.

Labda mtu atatupinga akisema: Hakuna aliyelazimishwa. Kijana alikwenda kwa hiari yake, na hatari aliijua. Tusilipuuze neno hili, maana lina ukweli ndani yake. Mchimbaji ni mtu mzima, mwenye akili na uhuru. Lakini tuangalie namna anavyolipwa. Kwa desturi ya miaka mingi huko Mererani, wanaapolo wengi hawakupewa mshahara. Walipewa chakula, na sehemu ndogo ya mali siku jiwe lilipopatikana. Kwa mpango wa namna hiyo, siku inayotumika kuweka matimba ni siku isiyo na jiwe, na saa ya kungoja moshi wa baruti utoke ni saa ya njaa. Basi usalama unalipiwa na yule aliye maskini kuliko wote. Hiari ya mtu mwenye njaa ni hiari kweli, lakini ni hiari iliyobanwa, na anayeibana hawezi kuitumia kama hati ya kujitetea.

Tena si majeraha yote yanayokuja kwa kishindo. Vumbi la mwamba huingia kifuani kidogo kidogo, likaharibu mapafu na kuyafungulia mlango maradhi ya kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, imewahudumia wachimbaji wengi wa namna hiyo. Mtu huyu hafi shimoni. Hurudi nyumbani akikohoa, akafa miaka kadhaa baadaye juu ya kitanda cha mama yake. Hakuna anayesema ameuawa na kazi. Lakini kutoboa mwamba kwa kutumia maji ili vumbi lisiruke ni jambo linalojulikana tangu zamani.

Kwamba kinga iko, tumeionyeshwa kwa macho yetu. Mwezi wa Januari mwaka 2017, huko Geita, watu 15 walifukiwa shimoni. Waokoaji wakapenyeza bomba hadi walipokuwa, wakawapelekea chakula, na baada ya siku chache wote walitoka hai. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakati wengi walikuwa wamekwisha kuwakatia tamaa. Lau methali yetu ingekuwa kweli kabisa, watu hawa wasingeokoka. Na huko Chile mwaka 2010, watu 33 walikaa chini siku 69, nao mwanzoni walijaribu kupanda kwa tundu la hewa, wakakuta ngazi haikuwekwa. Ngazi tu!

Basi kila mmoja ana sehemu yake. Nchi yetu inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Wakaguzi na washuke shimoni, wasiishie ofisini. Mwenye shimo na awaandikie watu wake mikataba, maana asiye na mkataba, akivunjika mgongo, hana jina katika daftari lolote la fidia. Mchimbaji naye asikubali kumtuma mwenzake mahali anapoogopa kwenda mwenyewe.

Na sisi wa nyumbani, je? Sisi tu hodari wa kuchanga rambirambi. Ndani ya siku moja jeneza limepatikana, na basi, na mchele. Sifa hiyo ni njema, lakini huja ikiwa imechelewa. Kijana anapopiga simu kutoka machimboni, twamwuliza: Umepata? Na akituma fedha twashukuru, hatuulizi zaidi. Tangu leo, enyi wazazi wa Karatu na Ngorongoro, na wa kila mahali, muulizeni kwanza maneno mengine. Mashine ya hewa inaangaliwa na nani? Matimba yamewekwa? Mvua ikinyesha usiku, mnatolewa au mnaachwa? Umeandikiwa mkataba? Na akijibu kwamba hajui, mwambieni arudi. Njaa ya nyumbani tutaihangaikia pamoja.

Kando ya kaburi tutaendelea kufarijiana, kama ilivyo desturi yetu njema. Lakini mtu atakaposema tena kwamba ajali haina kinga, na atokee mwingine, kwa upole, baada ya mazishi, aulize shimo lilikuwa la nani.