Bei Iliyo Ndogo Mno

Wako watu hapa Dodoma waulizao kama si anasa mtu kuvaa saa ya mkono yenye thamani ya ng'ombe 20. Kwa swali hilo hatutakawia. Saa ya namna hiyo hainunuliwi kwa ajili ya kujua wakati. Tangu Seiko wa Japani walipotoa saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi, Desemba 1969, saa za betri zimekuwa rahisi, nazo hushika majira kuliko saa ghali za Uswisi ziendazo kwa kamani. Anunuaye hununua ustadi wa fundi, na jina. Ikiwa fedha ni ya halali, na watoto wake wamekula, twamwacha.

Lakini liko swali la pili, nalo ni zito. Mtu huletewa saa yenye jina la Rolex karibu na stendi, kwa bei ya mbuzi mmoja. Muuzaji asema ameletewa na ndugu yake aliyeko Maskati, karatasi hana. Mnunuzi hafanyi maswali, aona amebahatika. Je, hana hatia kwa kuwa hakuuliza?

Sisi twaona anayo. Mtazameni mtu huyo huyo mnadani Msalato. Ng'ombe humfunua kinywa aone meno, hutazama chapa, huuliza atokako, hutaka kibali. Akiuziwa kwa nusu ya bei hukimbia, maana ajua mwenyewe atakuja kumdai. Akili hiyo hakuipoteza njiani alipokuwa akirudi mjini. Ameiweka kando kwa makusudi, asije akasikia jibu. Nayo bei ilikuwa imekwisha kumjibu: saa ni ya bandia, ama ni ya wizi. Hata Kanuni ya Adhabu humshika apokeaye mali ya wizi akijua, na yule aliyekuwa na sababu ya kuamini hivyo.

Basi atakaye saa njema na amchunguze muuzaji kwanza. Ana duka? Ataandika risiti yenye jina lake na namba iliyochorwa katika saa? Kisha fundi aifungue mgongo. Mshale wa sekunde ukiruka kila sekunde katika saa iitwayo ya kamani, mara nyingi ndani mna betri. Lakini ukienda taratibu bila kuruka, hilo si ushahidi, maana waghushi nao wamejifunza. Muuzaji akimkataa fundi, au akisema yuko mwingine aingojaye, mrudishieni saa yake mwende zenu.