Aliyeacha kuja, nani alimuuliza?

Miaka michache iliyopita tulisafiri watu wanne kutoka Dar es Salaam kwenda Ngara, kumpa mkono wa taazia ndugu yetu aliyefiwa na baba yake katika kata ya Keza. Safari ya huko si ndogo. Unapita Kahama, unapita Lusahunga na Nyakahura, na ukifika Benaco unahisi umekwisha toka Tanzania unayoijua, kwani mbele yako ni Rwanda na mkono wa kushoto ni Burundi.

Asubuhi ya Jumapili tulikuwa tumekaa barazani kwa wafiwa. Akapita mzee mmoja jirani, Mkatoliki, amevaa koti lake la heshima na fimbo mkononi, anaelekea kigangoni. Alisimama akatusalimia, akatupa pole kwa mara nyingine. Mmoja wetu, kijana mwenye ulimi mwepesi, akamtania: "Mzee wetu, pamoja na yote yaliyotokea hapo ng'ambo ya mto, bado unakwenda kanisani?"

Mzee hakukasirika. Aliegemea fimbo yake akasema: "Mwanangu, swali lako nimelijibu kwa miguu. Niliacha miaka mingi. Sasa nimerudi."

Ndugu msomaji, suala la kwa nini watu wanakwenda makanisani, kwa nini wanaacha na kwa nini wengine wanarudi, sisi Waislamu tumezoea kulijadili kwenye mihadhara, na mara nyingi jibu tunakuwa nalo kabla hatujauliza. Tunasema wameacha kwa sababu wameona dini yao haina ukweli. Wakirudi tunasema wamerudi kwa sababu ya ujinga au misaada. Alhamdulillah, mzee yule alinifanya nilione suala hili kwa jicho jingine, na naomba nikushirikishe.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalianza Aprili 7, 1994 na yakaendelea kwa muda wa siku mia moja hivi. Umoja wa Mataifa unataja watu wapatao 800,000 waliouawa, na serikali ya Rwanda inataja zaidi ya milioni moja. Hii ilikuwa nchi ambayo takriban watu tisa katika kila kumi walijiita Wakristo. Watutsi wengi walikimbilia makanisani wakiamini kwamba hakuna atakayethubutu kumwaga damu mle, na mle mle ndimo walimouawa. Katika kanisa la Nyarubuye, ambalo si mbali na mpaka wetu wa Rusumo, waliuawa maelfu. Huko Nyange, magharibi mwa Rwanda, kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwemo ndani. Padri Athanase Seromba alihukumiwa kwa kuhusika na unyama huo na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha. Mwaka 2006 alipewa kifungo cha miaka 15, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikakifanya kifungo cha maisha.

Watu wa Ngara hawakuyasoma hayo magazetini. Mto Kagera uliteremsha maiti chini ya daraja la Rusumo hadi Ziwa Victoria. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja hilo katika muda wa saa ishirini na nne, na Benaco ikageuka kuwa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Miongoni mwa waliovuka walikuwemo pia waliokuwa na damu mikononi. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Rusumo upande wa Rwanda na ambaye baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya Nyarubuye, naye alivuka akaishi Benaco kama mkimbizi.

Mzee wetu alipata kibarua cha kugawa chakula katika kambi hiyo. Alituambia kwamba Jumapili moja alikwenda kusali pamoja na wakimbizi. Mstari wa mbele alimwona mtu ambaye wenzake walikuwa wakinong'ona habari zake, kwamba huko kwao aliua majirani zake. Mtu huyo alisimama na wenzake, akapokea komunyo, akarudi kukaa kwa utulivu. "Siku ile," alisema mzee, "nilitoka nje kabla ya misa kwisha. Sikumkana Mungu. Nilishindwa tu kukaa chumba kimoja na yule mtu."

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Mzee alipoacha kanisa hakuacha kumwamini Mungu. Alikimbia watu. Na takwimu za Rwanda zinashuhudia kwamba hakuwa peke yake. Sensa ya mwaka 1991 ilionyesha Wakatoliki kuwa zaidi ya asilimia 62 ya Wanyarwanda. Mwaka 2002 walikuwa kama asilimia 50, na mwaka 2012 kama asilimia 44. Je, waliotoka walikwenda wapi? Wengi wao walihamia madhehebu mengine ya Kikristo. Waliosema hawana dini kabisa walibaki wachache mno. Mwanadamu aliyejeruhiwa na nyumba ya ibada hutafuta nyumba nyingine, kwa kuwa kiu yake iko pale pale.

Wapo pia waliosilimu. Hapa Waislamu huwa tunapandisha mabega, na si bila sababu. Huko Nyamirambo, Kigali, familia za Kiislamu ziliwaficha majirani zao Watutsi majumbani. Huko Mabare watu walikimbilia msikitini, Waislamu wakakataa kuwatoa, wakauawa pamoja nao. Allah awarehemu. Baada ya vita baadhi ya magazeti ya nje yaliandika kwamba Rwanda inasilimu kwa kasi kubwa, nasi tukayanukuu kwa furaha. Lakini sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu Waislamu kuwa asilimia mbili tu. Ongezeko lilikuwapo, ila halikuwa kama tulivyolitangaza.

Tena kuna jambo ambalo katika mihadhara yetu hatulitaji. Mhariri wa gazeti la Kangura, lililochapisha mwaka 1990 zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu na kupalilia chuki miaka yote ile, aliitwa Hassan Ngeze. Jina lake linajieleza. Mahakama ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2003, na mwaka 2007 rufaa ikakipunguza hadi miaka 35. Na upande wa pili, huko Gisenyi alikuwepo mtumishi wa Kanisa Katoliki, Félicité Niyitegeka, Mhutu, aliyewahifadhi Watutsi. Kaka yake alikuwa afisa wa jeshi na alimtaka ajiokoe. Alikataa kuwaacha wageni wake, akauawa pamoja nao Aprili 1994.

Sasa tufanye insafu. Kama padri Seromba ni ushahidi dhidi ya Ukristo, basi Ngeze atakuwa ushahidi dhidi ya nini? Na kama tutasema Ngeze ni mtu binafsi na dini haihusiki naye, kwa mizani gani tutamnyima Mkristo utetezi huo huo? Mwenyezi Mungu ametuamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, sembuse jirani anayepita barazani kutupa pole. Mizani ni moja.

Huenda msomaji akasema: "Ikiwa hivyo, basi matendo ya waumini hayana maana yoyote, na hata wale wa Mabare hatuna haki ya kuwataja." La hasha. Matendo ya watu hayathibitishi ukweli wa itikadi wala hayaubatilishi. Ukweli una dalili zake. Lakini matendo ndiyo yanayofungua mlango wa kusikilizwa au kuufunga. Mtu aliyefichwa chini ya kitanda cha Muislamu kwa miezi mitatu atapenda kujua mwenyeji wake anasoma nini alfajiri. Na mtu aliyemwona muuaji akipokea komunyo hatasikia tena hata neno jema litakalosemwa pale mbele. Kwa hiyo dini inaweza kuwa na udhuru mbele ya makosa ya wafuasi wake. Waliopewa dhamana ya kuziongoza nyumba za ibada hawana udhuru huo. Hata Kanisa Katoliki lenyewe limelazimika kulikiri hilo. Maaskofu wa Rwanda waliomba radhi mwaka 2016, na Machi 2017 Papa Francis aliomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale.

Je, mzee alirudi kwa sababu ya kuombwa radhi huko? Hapana. Alirudi kwa sababu mke wake alifariki.

Alikuwa na miaka mingi hajakanyaga kigangoni. Hakuwa ametoa zaka wala mchango wowote. Alijua kwamba watu kama yeye huweza kuambiwa wazike wenyewe, na alikwisha jiandaa kwa aibu hiyo. Lakini kabla jua halijatua, kina mama wa jumuiya walifika na maji, kuni na maharage. Wanaume wakaja na majembe. Katekista akaja bila daftari. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Walichimba, wakazika, wakakaa naye siku kadhaa wakampikia. "Jumapili iliyofuata," alisema, "nilikwenda kushukuru. Nikajikuta nimepiga magoti."

Najua fakihi atasema kwamba ibada ni nia, na anayekwenda kuabudu kwa sababu ya watu amekwisha haribu. Ni kweli, riyaa ni hatari. Lakini kumfanyia mtu ibada ili akusifu ni jambo moja, na kurudishwa mlangoni na wema wa watu ni jambo jingine. Huyu wa pili anaingia kwa mkono wa watu, kisha anabaki peke yake na Mola wake. Mwenye kutishwa kwamba hatazikwa asipolipa, huyo naye atarudi, ila atarudi na mwili wake tu. Na vitisho vya namna hiyo, tuseme ukweli, haviko kanisani peke yake.

Ndugu zangu Waislamu, mimi si katika wanaosema dini zote ni sawa. Ninaamini Uislamu ndiyo haki. Lakini Qur'an katika Suratul Hajj, aya ya 40, imezitaja nyumba za ibada za watawa, za Wakristo na za Mayahudi pamoja na misikiti, kwamba Mwenyezi Mungu huwazuia watu kwa watu wengine ili zisibomolewe. Muislamu anayesikia kwamba watu walichinjwa kanisani akapata faraja moyoni, na aikague imani yake.

Na sisi wenyewe tukoje? Ijumaa msikiti unajaa hadi barabarani. Alfajiri ya Jumamosi ni safu moja, nayo haijai. Ramadhani tunasukumana, na Shawwal tunahesabiana. Wanaoacha kuja tunawajua kwa majina, na hukumu tunayo tayari: dunia imemteka, kaacha dini, kaoa asiyefaa. Tunasahau kisa kinachojulikana sana cha yule mama mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w). Hakuwa mtu wa cheo. Mtume (s.a.w) alipomkosa aliuliza habari zake. Alipoambiwa kwamba amefariki na wamekwisha mzika, akawalaumu Masahaba kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda kumswalia. Yaani kiongozi wa umma mzima alikuwa anajua kwamba mfagiaji hayupo.

Mzee alipomaliza kusimulia alitutazama akauliza, bila kejeli yoyote: "Nyie wenzetu, mtu akiacha msikiti, huwa nani anamfuata?" Hatukuwa na jibu. Akaaga, akaendelea na njia yake.

Tulipobaki wenyewe, yule kijana aliyemtania mzee alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema kwamba yeye ana mwaka wa pili haswali jamaa. Alikuwa amehoji mahesabu ya madrasa katika mkutano wa msikiti wa mtaani kwetu, akazomewa, akaitwa mfitini, akatoka. Tangu siku hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyepiga hodi kwake.

Hakunitazama wakati akisema hayo, na hakuhitaji. Katibu wa mkutano ule nilikuwa mimi. Jina lake niliandika mwenyewe katika kumbukumbu za kikao, na nilipoona haji tena nilidhani, Allah anisamehe, kwamba sasa tutapumzika. Ilinibidi nisafiri hadi Keza, nimsikie mzee wa Kikatoliki, ndipo nimuulize ndugu yangu Muislamu: "Uko wapi siku hizi?"

Alhamisi tulirudi Dar es Salaam. Mahesabu ya madrasa yalisomwa upya mwezi uliofuata, na alikuwa na haki katika mengi aliyoyahoji. Amerudi msikitini, ingawa bado anakaa safu ya nyuma karibu na mlango. Simlaumu.

Ijumaa hii, Inshaallah, ukishatoa salamu, tazama kulia kwako na kushoto kwako. Kuna mtu alikuwa akikaa hapo. Usianze kumtafutia hukumu. Nenda kapige hodi.

Wabillahi tawfiq.