Jalada na Haki ya Asiyefungua

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kauli hiyo ya wahenga, jarida lenye maana lisingehitaji jalada la kupendeza, kwani msomaji angelifuata lilipo. Lakini mwanafunzi ni mnunuzi wa namna ya pekee. Chema chenyewe bado hajakijua, na ndiyo sababu akawa mwanafunzi. Asiyewahi kuonja haitwi na ladha. Huitwa na anachokiona, na anachokiona kwanza ni jalada. Hapo ndipo linapozuka swali: je, ni haki kumvuta kijana kwa kitu kimoja ili apate kingine?

Yapo majarida mawili ya Kiafrika yanayolipa swali hili uzito wake. Jarida la Drum lilianza Afrika Kusini mwaka 1951 kwa ngano na mambo ya kikabila, kama wenye jarida walivyomdhania Mwafrika. Wakazi wa mijini hawakuvutiwa. Jarida likageuza sura, majalada yakapambwa kwa warembo, wanamuziki wa jazi na mabondia, na wanunuzi wakaongezeka. Aliyeishia kwenye picha angesema ni upuuzi mtupu. Kumbe Machi 1952 jarida hilo hilo lilichapisha uchunguzi wa Henry Nxumalo juu ya mateso ya vibarua katika mashamba ya Bethal. Aliyevutwa na sura akakutana na ukweli uliofichwa.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi walianzisha Cheche mwaka 1969. Lilirudufiwa kwa stensili, mbali kabisa na karatasi za kung'aa za madukani. Mwaka 1970 lilitoa toleo maalumu lenye andiko la Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini Tanzania, na kabla ya mwaka huo kwisha likapigwa marufuku. Hata hivyo, Cheche nalo lilijipamba. Neno moja la Kiswahili, fupi na la moto, liliwekwa juu ya makala zilizoandikwa kwa Kiingereza. Jina ndilo lililokuwa pambo lake.

Basi kujipamba si kosa. Jalada ni hodi, na anayebisha hodi kwa sauti nzuri hamdhulumu mwenye nyumba, maadamu alichokuja nacho ni cha kweli. Wahenga hawakuulaumu uzuri walipotaja uzuri wa mkakasi. Walichokilaumu ni uzuri unaokwisha ukipata maji. Kwa kipimo hiki Drum lingesamehewa, kwa kuwa ndani mlikuwa na kitu.

Lakini kipimo hiki kinamfaa aliyefungua tu. Kwenye meza ya muuza magazeti, wanaopita ni wengi kuliko wanaonunua, na mwanafunzi aghlabu hana fedha ya kununua. Husimama, hutazama, huenda zake. Kwa mtu huyo jalada si ahadi ya kitu kitakachofuata, bali ndilo jarida zima. Msichana aliyeona wiki baada ya wiki kwamba sura ya mwanamke ndiyo chambo cha kuuzia maneno ya wengine, ameshafundishwa somo juu ya nafsi yake, na makala nzuri ya ukurasa wa kumi haitamfikia ili ilitangue.

Kwa hiyo haitoshi mhariri kujitetea kwamba ndani mna mema. Jalada halina budi kuwa la kweli lenyewe, kwa yule asiye na fedha na asiye na nafasi ya kufungua. Linaweza kumchekesha, kumshangaza, hata kumchokoza. Lisimdanganye juu ya kilichomo, wala lisimfanye mtu mwingine kuwa chambo. Mwanafunzi anayepita bila kununua naye ni msomaji, na haki yake ni ile ile ya aliyelipa.