Wimbo Uliokuja na Wageni

Wanakwaya wa Sanya Juu huongea Kiitaliano kila siku ya mazoezi bila kujua. Mwalimu anagonga meza na kalamu, anawaambia soprano waanze, alto wasubiri, tena wapunguze, besi waache kugombana. Maneno hayo yalitoka Italia, yakapita Ujerumani na Uingereza, yakapanda mlima mpaka Siha. Urusi nako wanakwaya wanapangwa kwa maneno hayo hayo. Mchukue mama wa alto kutoka usharika wowote wa huku, umpeleke kwenye mazoezi ya kwaya St. Petersburg: hataelewa sentensi hata moja, lakini atajua kiti chake kiko wapi.

Nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, na kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikikutana na msemo mmoja katika kila makala ninayosoma: kubadilishana utamaduni. Kiswahili kina adabu yake katika jambo hili. Ile -ana mwishoni mwa kitenzi inadai watu wawili. Kupigana si kupigwa. Kusalimiana si kusalimiwa. Anayesema tulibadilishana anadai kwamba mimi nilitoa, wewe ukapokea, nawe ukatoa, nikapokea. Ndiyo maana neno hili linanikera likitumika kuelezea jinsi nyimbo za Wajerumani zilivyofika Kilimanjaro. Sisemi kwamba ni la uongo kabisa. Nadhani tu limewahi, limesemwa kabla ya wakati wake.

Mfano ambao vitabu vya muziki hupenda kuutoa ni opera, na hasa habari za Waitaliano na Warusi. Mwaka 1765 Malkia Catherine II wa Urusi alimleta Baldassare Galuppi kutoka Venice awe mwanamuziki wake mkuu. Galuppi alikaa miaka mitatu. Katika kwaya ya ikulu alimkuta kijana aitwaye Dmitry Bortniansky, mzaliwa wa Hlukhiv, mji ambao leo uko Ukraine (kwa hiyo hata neno "Mrusi" hapa lina kesi yake). Mwaka 1769 Bortniansky alimfuata Galuppi Italia, akakaa miaka kumi, akatunga opera kwa Kiitaliano, zikachezwa Venice na Modena. Mwanafunzi kutoka baridi kali aliwaimbisha Waitaliano kwa lugha yao, nyumbani kwao. Kisha akarudi, akaja kuiongoza kwaya ile ile ya ikulu iliyomlea.

Ila mtu ninayempenda zaidi katika hadithi hii ni Catterino Cavos. Alizaliwa Venice mwaka 1775, akahamia St. Petersburg akiwa kijana, akafanya kazi katika majumba ya maonyesho ya huko hadi uzee. Mwaka 1815 alitunga opera kuhusu Ivan Susanin, mkulima wa Kirusi ambaye inasimuliwa kuwa mwaka 1613 aliwapoteza porini askari wa Poland waliokuwa wakimtafuta tsar. Miaka ishirini na moja baadaye Mikhail Glinka, Mrusi aliyewahi kukaa Italia na kusoma muziki Berlin, alileta opera yake kuhusu Susanin huyo huyo. Cavos angeweza kuikalia. Alikuwa na cheo, na hadithi ile alikwisha kuifanyia kazi yeye mwenyewe. Badala yake alisimama mbele ya wapiga muziki mwaka 1836 akaiongoza kazi ya Glinka siku ya kwanza ilipochezwa. Opera hiyo ndiyo Warusi wanaihesabu kuwa mwanzo wa opera yao, na fimbo ya kuongozea ilikuwa mkononi mwa Mwitaliano ambaye kazi yake mwenyewe ilikuwa inafunikwa jioni ile.

Sitaki kuipamba zaidi ya inavyostahili. Mwaka 1843 tsar alileta kundi zima la waimbaji wa Italia, na waimbaji wa Kirusi wakasukumwa kando katika mji wao. Palikuwa na kiburi, na palikuwa na manung'uniko. Lakini kuna jambo moja ambalo huwezi kuliondoa: Mwitaliano alikuja Urusi kwa kualikwa, akalipwa mshahara, na siku mwenye nyumba alipomchoka angeweza kumwambia safari njema. Hakuna Mwitaliano aliyefika St. Petersburg na kamba ya kumnyongea mtu.

Huku kwetu kamba ilikuwepo. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo chao cha kwanza Kilimanjaro, Machame, mwaka 1893. Tarehe 2 Machi 1900, serikali ya Wajerumani ilimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi, pamoja na wenzake kumi na wanane. Mmoja wao alikuwa Ngalami, Mangi wa Siha. Sanya Juu iko Siha. Mtu akishuka kwenye gari kutoka Boma Ng'ombe leo, anakanyaga ardhi ambayo mtawala wake alining'inizwa mtini katika miaka ile ile watoto wa mlimani walipokuwa wakifundishwa kuimba kwa sauti nne.

Mmisionari si askari, na haki inanitaka niseme hivyo. Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902, alitumia miongo akiandika mila na sheria za Wachaga kwa uangalifu ambao wasomi wetu bado wanaudai. Lakini walikuja kwa njia moja, chini ya bendera moja. Aliyefundishwa wimbo hakuwa katika nafasi ya kusema safari njema.

Suala hili lilinifikia nyumbani babu yangu alipofariki. Kwetu mazishi ya mzee wa Kilutheri hayakamiliki bila tarumbeta, yaani lile kundi la trombone na tarumbeta ambalo Wajerumani walituachia, na ambalo leo vijana wa mlimani wanalipiga kwenye harusi na misiba kama kitu walichozaliwa nacho. Usiku, wakati wa kupanga ratiba, mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye kwetu ni kaka yangu kabisa, alisimama mbele ya wazee akasema hataki tarumbeta kaburini.

"Shikamooni wazee wangu," alianza, kwa sababu hata hasira kwetu ina taratibu. "Mafuvu ya watu wetu yako kwenye maboksi Berlin. Sisi tunamzika babu kwa vyombo vya waliowabeba?"

Hakuwa anabuni. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimelinganisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko na familia zilizo hai Kilimanjaro. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanyika wakati wa Maji Maji. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Baba zetu walinyamaza. Bibi, aliyekuwa amelala chini kwenye godoro pamoja na wamama wengine, ndiye aliyejibu, bila kuinuka. "Mjukuu wangu, mimi wimbo ule niliusikia kwa mama yangu jikoni, anapepeta mahindi. Huyo Mjerumani unayemsema mimi sijawahi kumwona. Unataka nimwombe nani ruhusa ya kumlilia mume wangu?"

Tarumbeta zilipigwa. Kaka alisimama pembeni ya migomba, mikono nyuma, hadi mwisho.

Nimewasikiliza wote wawili kichwani mara nyingi tangu siku hiyo. Wasomi wengi wa rika langu wangekuwa upande wa kaka, angalau mtandaoni. Hoja yake ni ya asili: kitu kilichoingia kwa mlango wa dhuluma kinabaki na harufu ya mlango ule. Hoja ya bibi ni ya matumizi: kitu ni cha aliyekilelea watoto wake. Nadhani bibi ana haki juu ya wimbo, na kaka ana haki juu ya historia, na kosa linaanza pale mmoja anapotumiwa kumfuta mwenzake. Wimbo wa bibi si ushahidi kwamba hatukudhulumiwa. Na dhuluma si ushahidi kwamba bibi amedanganywa kuhusu machozi yake.

Tena nyimbo zenyewe huwa hazina asili iliyonyooka. Ule ambao Waingereza wanauita How Great Thou Art, ambao huku kwetu unaimbwa kwa Kiswahili karibu kila msiba, maneno yake yaliandikwa na Msweden, Carl Boberg, mwaka 1885. Mwaka 1907 ulifasiriwa kwa Kijerumani huko Estonia, iliyokuwa chini ya tsar. Kutoka Kijerumani ukaingia Kirusi, na ni kwa Kirusi ambapo mmisionari Mwingereza, Stuart Hine, aliusikia kwenye milima ya Carpathia na kuupeleka kwa Kiingereza. Tukianza kurudisha nyimbo kwa wenyewe, huu tutaukabidhi wapi?

Lakini bado sijajibu kuhusu ile -ana. Lini tulianza kubadilishana kweli? Kwa maoni yangu tarehe ipo, na ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka Sanya Juu, kwenye chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Usa River. Mwaka 1966 mwanafunzi wa hapo kutoka Bukoba, Bernard Kyamanywa, aliandika wimbo wa Pasaka kwa Kiswahili, Mfurahini Haleluya, kwa sauti ya nyumbani. Mwalimu wake, Howard Olson, mmisionari Mmarekani, hakuusahihisha ufanane na za Ulaya. Aliufasiri kwa Kiingereza, Walutheri wa Marekani wakauweka kwenye vitabu vyao. Mwaka 1969 Ulrich Leupold, Mjerumani aliyekuwa amehamia Kanada, aliuandika kwa Kijerumani. Leo uko ndani ya kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Siku ya Pasaka, waumini wa Leipzig, mji ule ule uliotuma wamisionari Machame, wanaweza kufungua kitabu na kuimba wimbo wa mwanafunzi wa Makumira.

Hapo Olson alifanya alichofanya Cavos. Aliyekuja kufundisha alishika kazi ya aliyefundishwa, akaisimamia ikapita mbele ya kazi zake. Hicho ndicho kipimo changu sasa kila ninapokutana na neno lile kwenye makala, na hakitaki mpaka wote wawe wameanza wakiwa sawa, maana hakuna wanaoanza sawa. Kinauliza kama yupo upande wa pili mtu aliyekubali kuwa mwanafunzi. Kati ya 1893 na 1966 kuna miaka sabini na mitatu. Ni muda mrefu kusubiri zamu yako ya kusema.

Kaka nilimweleza haya yote kwa simu, kwa furaha ya mtu aliyepata sura ya tatu ya tasnifu yake. Alinisikiliza. Kisha akauliza kama kwenye kitabu hicho cha Wajerumani jina la Kyamanywa limeandikwa. Nikamwambia limeandikwa, chini ya wimbo, kwa herufi ndogo, pamoja na mwaka.

"Na yale mafuvu," akasema, "yaliandikwa majina?"

Mengi yaliandikwa jina la kabila tu. Nilimwambia hivyo. Akasema ana mahindi ya kupeleka sokoni, tutaongea siku nyingine.