Kiti Kisicho na Dereva

Tafakari ya wiki
Masomo: 1 Samweli 17:38–40, Luka 15:8–10



Majuzi mama mmoja wa ushirika alinisubiri nje ya kanisa baada ya ibada, leso begani na Biblia kwapani, nikajua pana jambo. "Mchungaji," akaniambia, "yule kijana wa kwaya, fundi wa simu pale mjini Kangundo, ana masanamu. Ameyapanga rafuni kama Labani. Wewe ndiwe mchungaji wake, ukamseme." Mama huyu anayasoma Maandiko. Alikuwa akizungumzia ile habari ya Mwanzo 31, Raheli alipoiba vinyago vya baba yake Labani, akavificha chini ya matandiko ya ngamia na kuvikalia. Nikamwahidi kwamba nitakwenda. Sikumwambia kwamba simu yangu ilikuwa imepasuka kioo na kwamba safari ile ningeifanya hata bila Labani.

Kibanda cha kijana huyu hakitoshi watu watatu. Mbele pana kabati la kioo lenye chaja na kava. Nyuma yake kuna ubao mmoja uliopigiliwa ukutani, na juu ya ubao huo roboti ishirini na mbili zimejipanga mstari kama wanafunzi wa gwaride. Iliyo ndefu kuliko zote haifiki urefu wa kalamu ya biki. Amezikusanya kwa miaka sita, moja Tala siku ya soko, nyingine Gikomba anapofuata spea, kutoka kwenye yale mafungu ya vitu vya watoto yanayomwagwa chini robota la mitumba likifunguliwa. Ya kwanza alinunua shilingi thelathini, haina mkono.

Hapo nilicheka peke yangu, naye akataka kujua kwa nini. Nikamweleza. Neno roboti liliingia duniani kupitia mchezo wa kuigiza alioutoa Karel Čapek mwaka 1920, nalo lilitokana na neno la Kicheki, robota, maana yake kazi ya shokoa. Kwetu robota ni furushi la mitumba, kwao robota ni kulimishwa shamba la bwana bila malipo. Wazee wetu wa Machakos waliochimbishwa matuta enzi za mkoloni wangelielewa neno hilo bila mkalimani. Na sasa roboti zinatoka robotani, huku Tala! Kijana alitabasamu kwa adabu tu, kama watu wanavyotabasamu mchungaji akifanya mzaha, akaendelea kufungua simu yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza kama anaziabudu. Swali hilo lilinifia mdomoni. Anayeabudu hafungui mgongo wa mungu wake kwa bisibisi kuona kwa nini goti limelegea. Tena, nani nimseme? Nyumbani nina mikoba ya semina na makongamano kumi na saba, yote ina kamba za shingoni zenye jina langu, na mke wangu akigusa hata mmoja tunakosana.

Chini ya meza ana kopo la maziwa ya unga. Akalimimina juu ya gazeti: ngao, mabawa, helmeti, makombora membamba kama njiti ya kiberiti, ngumi za ziada, bunduki ndogo ambayo ukipiga chafya umeipoteza. Hivi ndivyo vikorokoro vya roboti zake. Vingine vilikuja na roboti, vingine alivinunua peke yake, na vingine aliagiza kupitia rafiki yake wa Nairobi, kwa sababu siku hizi viwanda vya Japani huuza mwili kivyake na silaha kivyake. Watu wa kampuni ya Bandai ya huko walianza mwaka 1980 kuuza vifurushi vya roboti za Gundam, unakata vipande na kuunga mwenyewe, kwa yeni 300. Leo wana roboti ambazo mwili wake ni mwanzo tu wa matumizi, kila mwezi unatamani bega jipya. Kuhusu zile kuukuu, aliniambia jambo ambalo fundi yeyote wa spea analijua: mara nyingine bunduki iliyopotea huuzwa ghali kuliko roboti nzima, maana kitu cha kwanza mtoto kupoteza ni kile kidogo.

"Mchungaji, angalia hii," akasema. Akachukua roboti moja ya bluu, akaipachika kila kitu alichoweza. Mabawa mawili, ngao mkono wa kushoto, bunduki mbili, kombora begani. Akaiweka juu ya kabati na kuondoa mkono. Ikaanguka kifudifudi. Akatoa kombora, ikasimama kidogo, ikalala chali. Akatoa mabawa. Akatoa bunduki moja. Ilipobaki na ngao peke yake ikasimama, hata boda boda ilipopita ikitetemesha kioo.

Ndipo nikamkumbuka Daudi. Sauli alikuwa mtu mrefu kuliko Israeli wote, kuanzia mabegani kwenda juu, na mavazi yake ya vita alishonewa yeye. Anamvika kijana wa kuchunga kondoo chapeo ya shaba na dirii. Daudi anajaribu kutembea, anashindwa, anasema hajavizoea, anavivua. Tunapenda kuharakisha tufike kwenye Goliathi na jiwe la kipaji cha uso, lakini mimi wiki hii nimekwama pale hemani. Fikiria aibu ya kumvulia mfalme zawadi yake mbele yake. Fikiria pia unafuu wa shingo. Alitoka na fimbo, kombeo, na mawe matano ya kijitoni ndani ya mfuko wake wa uchungaji.

Niseme basi lililo moyoni, hata kama wazee wa kanisa watanuna. Mwaka huu tumechanga kwa spika mpya, kisha kwa hema, kisha kwa kinanda kwa sababu kile cha zamani hakina sauti ya tarumbeta. Sina ugomvi na tarumbeta. Ila Jumapili iliyopita nilihesabu viti vya plastiki vilivyo tupu upande wa vijana. Thelathini na moja. Spika zilivihubiria vizuri sana.

Nirudi kibandani. Kuna roboti moja anayoipenda kupita zote, gari dogo jekundu lililochubuka ambalo ukilikunjua linakuwa mtu. Aliipata Gikomba ndani ya gunia la viatu. Tumboni ina jina la TAKARA. Akaifungua paa kwa ukucha akanionyesha ndani. Kuna kiti. Kiti kidogo cha dereva, na usukani.

"Nani huketi hapa?" nikauliza, maana niliambiwa hizi roboti zinajiendesha.

Habari yake ndiyo iliyonifanya niandike tafakari hii. Kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa na vitu hivi kabla Marekani haijavijua. Mwaka 1974 walitoa Microman, watu wadogo wa kama sentimita 10, na mwaka 1980 wakaanzisha Diaclone, iliyokuja kuwa na magari na mashine zinazogeuka roboti. Roboti za Diaclone hazikuwa na uhai wao wenyewe. Ziliendeshwa na watu wadogo sana, kama sentimita 3, wenye sumaku nyayoni ili wasianguke. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ikazipeleka Marekani kwa jina Transformers, kwa hadithi mpya: sasa roboti zenyewe zina roho, zina majina, zinapendana na kupigana. Dereva akakosa kazi. Hawakumweka tena kwenye boksi. Lakini kubadilisha vyuma vya kiwandani ni gharama, kwa hiyo kiti chake kilibaki. Maelfu kwa maelfu ya magari yakauzwa duniani yakiwa na kiti ambacho mtoto hakuambiwa ni cha nani.

Yule mwanamke wa Luka 15 alikuwa na shilingi kumi za fedha, akapoteza moja. Nimemhubiri mara nyingi kama mfano wa bidii: taa, ufagio, majirani. Siku ile nilimwona kama mkusanyaji. Mwenye tisa anajua umbo la ile ya kumi. Anajua ilipokuwa imelala. Mtu asiye na mkusanyiko akipoteza shilingi atasema hewala, imekwenda. Huyu hawezi, maana kila akihesabu anafika tisa na kidole kinabaki hewani. Na akiipata anawaita majirani, karamu ambayo huenda ilimgharimu zaidi ya hiyo shilingi. Luka hasemi walikula nini. Mimi ni Mkamba, naamini walau kulikuwa na chai.

Kijana ameamua kumchonga dereva wake mwenyewe. Amepata kipande cha jakaranda na wembe. Nilimwambia kwamba ana haki ya kujaribu, maana ufundi huo una mizizi hapa hapa kwetu: Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza kuchonga kwa Wazaramo, akarudi nyumbani, na kutokana na yeye vijiji vizima vikasomesha watoto kwa twiga na vifaru vya mti. Lakini dereva wa sentimita 3 si twiga. Wa kwanza alivunjika shingo. Wa pili alikuwa mnene, akakwama mlangoni.

Juzi Alhamisi nilipita kuchukua simu. Yule mama wa ushirika alikuwa kibandani, chaja yake imekufa. Nilisimama nje kidogo, nikingoja vita vya Labani. Badala yake nikamwona amevaa miwani, ameushika wembe, anamwonyesha kijana nyuzi za mti zinakwenda upande gani. Kumbe baba yake alikuwa mchongaji wa Wamunyu, naye alilala utotoni mwake chini ya meza iliyojaa vumbi la mbao. Hakuwa amenitajia hilo siku ile ya kuleta mashtaka.

Alimwinua dereva wa tatu mbele ya taa, akamzungusha, akamjaribu kitini.

"Miguu mirefu," akasema. "Huyu haketi. Lete kijiti kingine."